Vyuo vya elimu ya juu na kazi za mpakani: Kwa nini cheti cha jana hakitoi mzigo wa leo

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Mwaka 2014 baadhi ya ofisi za mawakala wa forodha zilizojipanga kandokando ya barabara kule Malaba, Busia na Katuna zilianza kufunga milango. Mizigo haikupungua. Malori yaliendelea kupita, na mengine yakapita kwa kasi kuliko zamani. Kilichohama ni kazi yenyewe.

Kabla ya hapo, kontena la Kampala lililoshushwa Mombasa liliandikiwa nyaraka Kenya kama mzigo wa kupita, likawekewa bondi, likasafiri hadi mpakani na huko likaandikiwa nyaraka upya upande wa Uganda. Kila hatua ilikuwa na wakala wake na ada yake. Ulipoanza utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, nyaraka zikaanza kuandikwa mara moja tu, kwenye mfumo wa nchi mzigo unakokwenda. Kodi inalipwa huko kabla lori halijatoka bandarini. Maofisa wa mamlaka za mapato za Uganda na Rwanda walipelekwa Mombasa, na utaratibu kama huo ukafanyika Dar es Salaam. Takwimu zilizotolewa na Jumuiya ya Afrika Mashariki zilionyesha kuwa safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala ilishuka kutoka siku 18 hadi 4.

Kwa mwenye mzigo na mwenye lori hiyo ilikuwa neema. Kwa kijana aliyesomea uwakala wa forodha miaka miwili, akakopa ili apange chumba cha ofisi mpakani, ilikuwa habari nyingine. Alichofundishwa hakikuwa uongo. Kilikuwa sahihi siku alipofanya mtihani, kisha kikapitwa.

Suala hilo linawahusu wasomaji wetu kwa njia mbili. Kwanza, wengi wao ndio wanaolipa karo: faida ya lori au ya duka inageuka ada ya chuo ya mtoto kila muhula. Pili, hao hao ndio wanaowaajiri wahitimu, kisha wanalazimika kuwafundisha kazi upya kwa gharama zao. Kwa hiyo mjadala wa namna elimu ya juu inavyoweza kwenda na wakati si wa maprofesa peke yao.

Gazeti la kila Juni

Tatizo linaanza kwenye kalenda. Kila mwaka, bajeti za nchi nyingi wanachama zinasomwa mwezi Juni, na kabla ya Julai 1 Jumuiya inachapisha gazeti lake rasmi lenye orodha ya bidhaa ambazo nchi fulani imeruhusiwa kutotumia ushuru wa pamoja, au kusamehe sehemu yake. Mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu anapita kwenye magazeti matatu kabla ya kuvaa joho.

Hayo ni mabadiliko ya kila mwaka tu. Yapo pia makubwa. Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005, ushuru wa pamoja ulikuwa na ngazi tatu, yaani asilimia 0, 10 na 25. Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35. Mwaka huo huo orodha ya dunia ya namba za bidhaa, ile mawakala wanayoiita HS, ilibadilishwa, na toleo linalofuata litaanza kutumika Januari 1, 2028. Eneo Huru la Biashara la Afrika lilianza rasmi Januari 2021, nalo lina kanuni zake za uasili wa bidhaa zisizolingana moja kwa moja na zile za Jumuiya. Mfumo wa kufuatilia mizigo kwa njia ya kielektroniki uliunganishwa kati ya Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2017.

Mifumo ya kompyuta nayo haikai. Kenya ilianza kutumia mfumo wa Simba mwaka 2005, na baadaye ukaletwa mwingine. Tanzania iliacha ASYCUDA++ na kuingia TANCIS mwaka 2014. Aliyejifunza vibonyezo vya mfumo mmoja chuoni hukuta mwingine kazini.

Upande wa pili, mtaala wa chuo kikuu una njia yake ndefu. Idara inaandika, kitivo kinajadili, seneti inapitisha, kisha tume ya vyuo vikuu ya nchi husika inaidhinisha. Kwa kawaida mtaala hupitiwa upya baada ya kundi moja zima la wanafunzi kuingia na kumaliza. Utaratibu huo umewekwa kwa sababu nzuri, maana bila ukaguzi kila mwenye jengo angeuza shahada. Hata hivyo, hauwezi kukimbizana na gazeti la kila Juni.

Nyanya na mahindi makavu

Mfanyabiashara yeyote wa mazao anajua kwamba nyanya na mahindi makavu haviwekwi ghala moja kwa muda mmoja. Nyanya ni ya siku chache. Mahindi yaliyokaushwa vizuri yanakaa.

Elimu ya biashara ya mipakani nayo ina sehemu hizo mbili. Viwango vya ushuru, fomu, vibonyezo vya mfumo na orodha ya misamaha ni nyanya. Mahindi makavu ni mambo kama njia sita za kukadiria thamani ya mzigo chini ya mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, mantiki ya kanuni za uasili, hesabu za gharama za lori kwa kilometa, sheria ya mikataba na bima, na uwezo wa kusoma kifungu cha sheria na kujua kinasema nini. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ni ya mwaka 2004, imefanyiwa marekebisho mengi, lakini aliyeielewa kwa undani wakati ule hajapotea hata leo.

Lugha nayo ni mahindi makavu. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikawa mwanachama kamili Julai 2022. Kongo ni mmoja wa wateja wakubwa wa bandari ya Dar es Salaam kwa mizigo ya kupita. Nyaraka nyingi za huko zinaandikwa kwa Kifaransa. Kwa tathmini yangu, kijana mwenye stashahada ya usafirishaji na Kifaransa cha kuandikia barua ana soko kubwa kuliko mwenye shahada mbili zisizo na lugha hiyo. Hata hivyo, katika kozi nyingi za uchukuzi na ugavi upande wetu, Kifaransa kama kipo ni somo la hiari.

Kosa la vyuo vyetu, basi, si kufundisha nadharia. Kosa ni kuweka nyanya katika ghala la miaka minne. Mwandishi wa makala haya alisomea uchumi wakati Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ukiwa bado unajadiliwa. Alifundishwa hoja za Jacob Viner, mchumi aliyeandika mwaka 1950 kuhusu umoja wa forodha unavyoweza kukuza biashara au kuihamisha tu kutoka kwa muuzaji wa bei nafuu kwenda kwa wa bei ghali. Hoja hizo bado zinamsaidia kila bajeti inaposomwa. Lakini hakuna siku hata moja aliyoonyeshwa tamko la forodha lililojazwa. La kwanza aliliona mikononi mwa dereva, miaka kadhaa baada ya kuhitimu, na dereva ndiye aliyemweleza kila kisanduku kina maana gani.

Somo la mahindi ya mwaka 2021

Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda ikitaja kiwango kikubwa cha sumukuvu. Malori yalikwama mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waingizaji wajisajili, na kila shehena iwe na cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni.

Wapo waliosema ni siasa, wapo waliosema ni afya. Hatutaki kurudia ubishi huo hapa. Tunachotaka msomaji akione ni aina ya ujuzi uliohitajika ghafla: kupima unyevu wa nafaka, kuchukua sampuli inayowakilisha tani 28 na si gunia la juu tu, kusoma majibu ya maabara, na kujua cheti gani kinakubalika upande wa pili. Yote hayo yanafundishwa vyuoni katika kozi za sayansi ya chakula. Lakini yamefungiwa ndani ya shahada za miaka mitatu au minne, na mwenye gari mpakani hana hata wiki mbili za kusubiri.

Kozi ya siku tano ya sumukuvu, ikifundishwa Namanga au Holili na chuo chenye maabara, ikatoa cheti kinachotambulika pande zote mbili, ingekuwa na wanafunzi wa kulipa. Wataalamu wa elimu wanaiita elimu ya vipande: unachukua kipande unachokihitaji leo, unapewa alama zake, na alama hizo zinawekwa akiba ili siku ukitaka stashahada au shahada zihesabiwe. Neno kubwa hapo ni kuhesabiwa. Semina zisizohesabika popote tunazo nyingi tayari, na kuta za ofisi za mawakala zimejaa vyeti vyake.

Mfano uliopo tayari

Si lazima tutafute mfano Ulaya. Katika uwakala wa forodha kipo Cheti cha Afrika Mashariki cha Forodha na Usafirishaji wa Mizigo, kilichoandaliwa kwa pamoja na mamlaka za mapato, vyama vya mawakala chini ya shirikisho lao la kanda (FEAFFA) na kurugenzi ya forodha ya Jumuiya. Mtaala ni mmoja kwa nchi zote zinazokitoa. Mafunzo huchukua takriban miezi sita. Tanzania kinafundishwa Chuo cha Kodi, Kenya katika chuo cha mamlaka ya mapato (KESRA).

Nguvu ya cheti hicho ni kwamba waliokaa kuandika mtaala ndio watakaopokea nyaraka za mhitimu kesho yake. Ofisa wa forodha anajua makosa anayoyakuta kila siku, na wakala anajua mahali mzigo unapokwama.

Udhaifu wake uko juu yake. Ngazi ya kutoka cheti hicho kwenda stashahada, na kutoka hapo kwenda shahada, haijanyooka kwa usawa katika kila nchi. Mwenye cheti na uzoefu wa miaka kumi anaweza kufika chuo kikuu akaambiwa aanze mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka sekondari mwezi uliopita. Wengi wanaghairi.

Dereva mwenye miaka ishirini barabarani

Hapa ndipo linapoingia suala la kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Tanzania, VETA imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, na Tume ya Vyuo Vikuu ina mtihani wa kuwaingiza chuo kikuu watu wenye uzoefu wasio na sifa za kawaida za kujiunga. Kenya ilitoa sera yake ya kutambua ujuzi wa aina hiyo mwaka 2024.

Kwa wasafirishaji jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Dereva aliyeendesha semitrela kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi kwa miaka 20 anajua mizani, uzito kwa ekseli, nyaraka za kupita nchi tatu na namna ya kuzungumza na ofisa aliyekasirika. Anajua kikomo cha tani 56 na anajua mzigo ukisogea nyuma kidogo ekseli ipi itazidi. Macho yakianza kuchoka, mahali pake panapofaa ni ofisini, akipanga safari na kufundisha vijana. Lakini tangazo la kazi ya meneja wa safari linataka stashahada, na yeye ana leseni tu. Hivyo kampuni inamwajiri mhitimu asiyewahi kulala Tunduma, na dereva anarudi kijijini na ujuzi wake.

Chuo kinachotaka kubaki na maana kitampima dereva huyo, kimpe alama za anayoyajua, kimfundishe asiyoyajua kama hesabu za gharama na kompyuta, na kimalize naye ndani ya mwaka mmoja. Hilo linahitaji mhadhiri anayekubali kwamba katika baadhi ya vipindi mwanafunzi ndiye atakayemfundisha. Kwa tunavyowafahamu baadhi ya wahadhiri wetu, huenda sharti hilo ni gumu kuliko kupata fedha za jengo.

Madarasa ya jioni yalitufunza nini

Vyuo vyetu viliwahi kubadilika, tena haraka. Makerere ilifungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mwaka 1998. Madarasa ya jioni yakajaa wafanyakazi na wafanyabiashara. Matawi yakafunguliwa hadi miji midogo, mengine juu ya maduka.

Lakini kilichobadilika kilikuwa saa ya kufundisha na namba ya akaunti ya benki. Mtaala ulibaki ule ule wa mchana. Mwaka 2016, udhibiti wa mitihani ya kidato cha nne ulipokazwa Kenya, waliopata alama za kuingia chuo kikuu walishuka hadi chini ya 90,000, Serikali ikawachukua wote, na soko la wanafunzi wa kujilipia likaporomoka. Vyuo vilivyokuwa vimepanga bajeti kwa fedha za jioni vikabaki na madeni. Soko lililojengwa juu ya wingi wa wanafunzi halikudumu pale wingi ulipopungua.

Safari hii mabadiliko yanapita kwenye simu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kilitangulia katika elimu ya masafa, na Kenya ilizindua chuo kikuu huria chake Agosti 2023. Ugonjwa wa korona uliwalazimisha hata wasiopenda. Uganda, ambako wanafunzi wengi wa shule walikaa nyumbani hadi Januari 2022, ilijionea gharama ya kutokuwa na njia nyingine. Kwa dereva anayesubiri foleni siku tatu, somo la simu lina mantiki, ilimradi liwe jepesi kwa bando na liweze kupakuliwa mtandao unaposhika.

Kuhusu akili bandia, tuseme machache. Kazi ya kunakili ankara na kuijaza kwenye mfumo itaendelea kupungua, kama kazi ya kuandika nyaraka mara mbili ilivyopungua mwaka 2014. Kompyuta inaweza kupendekeza namba ya bidhaa, lakini atakayesimama mbele ya forodha kuitetea, na kulipa faini ikiwa si sahihi, ni mtu.

Kontena linapita, cheti kinabaki

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na chuo kikuu kimoja. Kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa sehemu za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Baadaye kila nchi ikaenda na chake. Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza Jumuiya kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala ndilo lenye jukumu la kulinganisha mitaala na alama.

Kwa upande wa taaluma, makubaliano ya kutambuana yalifikiwa kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Wataalamu wa usafirishaji na ugavi hawamo katika orodha hiyo, ingawa ndio wanaovuka mpaka kila siku kikazi. Matokeo yake, mzigo unaweza kupita Namanga au Mutukula ukikaguliwa mara moja kwenye kituo cha pamoja, lakini mhitimu aliyeupakia akitaka kuajiriwa upande wa pili anaanza kupeleka vyeti vyake kuhakikiwa kwenye tume ya nchi hiyo, kwa ada na kwa kusubiri.

Fedha za mageuzi zipo kwa kiasi. Tanzania ilianza mwaka 2021 mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi (HEET) wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na sehemu ya kazi yake ni kupitia mitaala kwa kushirikiana na waajiri. Swali ni waajiri gani wanaoitwa. Ni rahisi kwa chuo kualika benki na kampuni ya simu. Mwenye malori sita hana ofisa wa kumtuma mkutanoni, na akienda mwenyewe lori moja linalala. Hii ni kazi ya vyama vya wasafirishaji na vya mawakala: kudai kiti kwenye kamati hizo, na kupeleka mtu aliyewahi kutoa mzigo.

Kabla ya kulipa

Kwa msomaji anayejiandaa kulipa karo ya kozi ya forodha, ugavi au usafirishaji, yapo mambo ya kuulizia mapema. Kwanza, chuo na kozi yenyewe viwe vimesajiliwa na mamlaka ya nchi husika. Usajili wa chuo pekee hautoshi, maana chuo halali kinaweza kufundisha kozi ambayo haijaidhinishwa. Pili, mafunzo kwa vitendo: wanafunzi wanapelekwa wapi, kwa wiki ngapi, na nani anawapokea huko. Barua ya kampuni inayowapokea ina uzito kuliko picha za tangazo. Tatu, kama mwanafunzi akikwama kifedha baada ya mwaka mmoja, anatoka na cheti chochote au anatoka mikono mitupu.

Mwisho, ulizia lini mtaala huo ulipitiwa, na chuo kimejipangaje kwa orodha mpya ya namba za bidhaa itakayoanza Januari 2028. Atakayekuwa bado darasani siku hiyo ataitumia orodha hiyo, si iliyopo kwenye madaftari ya kaka yake. Chuo kinachoijua kazi yake kitakuwa na jibu. Kisipokuwa nalo, ada ya muhula wa kwanza inaweza kusubiri kidogo benki.